Je, dawa za mfadhaiko humfanya mgonjwa awe mkali?

TUSEME kuna kijana wa miaka 20 anayeishi na mamake katika mtaa wa Bula Pesa, mjini Isiolo. Walihamia mjini kutoka Kulamawe baada ya mifugo yao kuangamia katika ukame ulioanza 2020, mvua ilipokosekana misimu mitano mfululizo. Kijana huyu aliyezoea kuchunga ng'ombe wa babake sasa hupakua magunia sokoni siku akipata kazi, na siku asipopata hulala mchana kutwa. Ameacha kula vizuri. Ameacha kupiga gumzo na wenzake. Usiku mmoja anatamka maneno ya kutisha kuhusu maisha yake, na kesho yake mamake anampeleka hospitalini. Anachunguzwa, anaambiwa ana ugonjwa wa mfadhaiko, na anapewa tembe za kumeza kila asubuhi kwa mwezi mmoja.

Siku ya tisa mambo yanabadilika. Kijana hatulii. Anazunguka uani tangu alfajiri, akikaa anainuka, akiulizwa neno anafoka. Jioni anampiga nduguye mdogo makofi kwa sababu ya kikombe cha chai kilichomwagika. Mama anachukua paketi ya tembe na kuitupa chooni. "Dawa hizi ndizo zimemharibu mwanangu," anamwambia jirani.

Kijana huyu ni wa mfano tu, lakini kila anayefanya kazi ya kutibu maradhi ya akili amekutana na mama wa aina hiyo. Je, amekosea?

Swali lake limewahi kuulizwa katika mahakama za Marekani na limechunguzwa na vyuo vikuu vya Ulaya kwa zaidi ya miaka 30. Jibu lililopatikana si ndiyo wala si la. Kwa mtu mzima, dawa hizi kwa jumla hazionekani kuongeza ukali, na kuna wagonjwa ambao huwapunguzia. Kwa aliye chini ya umri wa miaka 25, hasa katika wiki za kwanza, ipo sababu ya kuwa macho. Na aghalabu jambo linalolaumiwa dawa huwa ni ugonjwa wenyewe, au ni kitu kingine ambacho mgonjwa amekichanganya na dawa bila kumwambia daktari.

Hasira za ugonjwa

Watu wengi hudhani mgonjwa wa mfadhaiko ni yule anayelia na kujifungia chumbani. Wapo wa namna hiyo. Lakini wapo wengine, hasa wanaume na vijana, ambao huzuni yao hujitokeza kwa sura ya hasira. Mtu aliyekuwa mpole sasa hawezi kuvumilia kelele za watoto. Akikosewa kidogo anatukana. Usingizi umempotea, na asiyelala hana subira. Jamaa zake husema ameingiwa na kiburi, wengine husema ni jini, au ni ayaana kama wasemavyo Waboran, na kumbe mtu ni mgonjwa na hata mwenyewe hajui.

Mnamo 2015 watafiti walioongozwa na Seena Fazel wa Chuo Kikuu cha Oxford walichapisha matokeo ya uchunguzi kuhusu wagonjwa 47,158 wa mfadhaiko nchini Sweden. Miongoni mwa wanaume, asilimia 3.7 walipatikana na hatia ya makosa ya kudhuru watu baada ya kugunduliwa kuwa na ugonjwa huo. Kwa wanaume wa kawaida ilikuwa asilimia 1.2. Kwa wanawake ilikuwa asilimia 0.5 kwa wagonjwa na 0.2 kwa wengine.

Anayezisoma tarakimu hizo upesi ataona kwamba ugonjwa unaongeza hatari takriban mara tatu. Anayezisoma polepole ataona pia kwamba zaidi ya wanaume 96 katika kila 100 wenye mfadhaiko hawakupatikana na hatia ya kumdhuru mtu yeyote. Yote mawili ni kweli, na ni vyema kuyakumbuka pamoja. Kwa hivyo, kabla ya mama wa Bula Pesa kuzihukumu zile tembe, swali la kwanza la kumwuliza ni hili: kijana alikuwaje mwezi mmoja kabla ya kuanza kuzimeza? Kama alikuwa akifoka tangu hapo, basi huenda dawa haijaanza kazi tu. Dawa za mfadhaiko si kama za kuumwa na kichwa. Huchukua wiki mbili hadi sita kabla ya mgonjwa kuhisi nafuu, na katika kipindi hicho cha kungoja ugonjwa unaendelea na mambo yake.

Dawa hizi zilitoka wapi

Dawa za kwanza za mfadhaiko zilipatikana karibu kwa bahati. Katika 1952 madaktari wa hospitali ya Sea View, New York, walikuwa wakiwatibu wagonjwa wa kifua kikuu kwa dawa iliyoitwa iproniazidi, ndugu wa ile isoniazidi ambayo wagonjwa wa kifua kikuu huimeza hadi leo. Wakashangaa kuona wagonjwa waliokuwa hoi wakichangamka na kuanza kuomba chakula. Miaka michache baadaye, huko Uswisi, daktari Roland Kuhn akagundua kwamba imipramini inawasaidia wagonjwa wa huzuni nzito. Jamaa ya imipramini ni amitriptilini, dawa ya bei nafuu inayopatikana sana katika hospitali za umma hapa Kenya, na ambayo pia hupewa watu wenye maumivu ya mishipa ya fahamu.

Kisha ikaja fluoksetini, ambayo Wamarekani waliiidhinisha mwishoni mwa 1987 na kuiuza kwa jina la Prozac. Leo fluoksetini na amitriptilini zote zimo katika orodha ya dawa za lazima ya Shirika la Afya Duniani (WHO). Fluoksetini na wenzake hufanya kazi kwa kuizuia serotonini isifyonzwe upesi. Serotonini ni kemikali inayopeleka habari kutoka chembe moja ya ubongo hadi nyingine, na huhusika na usingizi, hamu ya chakula, hali ya moyo na uwezo wa mtu kujizuia.

Hilo la kujizuia ndilo lenye maana kwetu. Mnamo 1983 Markku Linnoila na wenzake waliwachunguza wanaume wa Finland waliokuwa wameua au kujaribu kuua. Waliotenda kwa ghafla, bila kupanga, walikuwa na mabaki machache zaidi ya serotonini katika majimaji ya uti wa mgongo kuliko waliopanga. Wataalamu wakafikiri: kama serotonini pungufu huandamana na hasira za ghafla, basi dawa inayoiongeza itatuliza hasira. Na kwa kiasi fulani ilitimia. Katika 1997 madaktari Emil Coccaro na Richard Kavoussi wa Marekani walichapisha uchunguzi wa watu 40 wenye tabia ya kulipuka kwa hasira. Waliopewa fluoksetini walipunguza ukali kuliko waliopewa tembe zisizo na dawa ndani yake.

Lau habari ingekomea hapo, makala haya yasingekuwa na haja ya kuandikwa.

Kesi za Louisville na Gillette

Tarehe 14 Septemba 1989, mjini Louisville katika jimbo la Kentucky, mtu mmoja aitwaye Joseph Wesbecker aliingia na bunduki katika kiwanda cha uchapishaji alichokuwa akifanyia kazi. Aliwaua watu wanane, akawajeruhi wengine 12, kisha akajiua. Alikuwa ameanza kutumia Prozac kiasi cha mwezi mmoja kabla. Waliojeruhiwa na jamaa za waliouawa wakaishtaki kampuni ya Eli Lilly inayotengeneza dawa hiyo.

Kesi ilisikizwa 1994. Kampuni ilionyesha kwamba Wesbecker alikuwa mgonjwa kwa miaka mingi, alikuwa amewahi kujaribu kujiua, na alikuwa na kisasi na wakubwa wake wa kazi kabla hata ya kuonja tembe moja ya Prozac. Upande wa pili ukasema siku tatu kabla ya mauaji daktari wake alimwona amefadhaika kupita kiasi, akamshauri aache dawa. Baraza la mahakama likaamua kwa kura tisa dhidi ya tatu kwamba kampuni haina hatia. Baadaye ilibainika kwamba pande hizo mbili zilikuwa zimekwisha kupatana kisirisiri kabla ya uamuzi. Kwa hivyo anayetaja kesi hiyo kama ushahidi kwamba dawa ni salama, na anayeitaja kama ushahidi kwamba dawa huua, wote wawili wanaegemea ukuta uliooza.

Kesi ya Gillette, jimbo la Wyoming, ilikwisha vingine. Mnamo Februari 1998 mzee wa miaka 60 alimuua mkewe, bintiye na mjukuu wake mchanga, kisha akajiua. Alikuwa ametumia Paxil, dawa ya jamii moja na Prozac, kwa siku mbili tu. Katika 2001 baraza la mahakama liliamua kwamba dawa ilichangia, na kampuni iliyoitengeneza ikaamriwa kulipa dola milioni 6.4.

Mahakama huamua kisa cha mtu mmoja. Haziwezi kutuambia kitu gani huwapata watu milioni wanaomeza dawa ile ile. Kwa hilo inabidi tuhesabu watu wengi.

Umri una maana

Hesabu kubwa ilifanywa tena Sweden, ambako serikali huweka rekodi za dawa na za mahakama kwa makini. Yasmina Molero na wenzake walichapisha matokeo yao 2015. Walifuatilia watu 856,493 waliopewa dawa za jamii ya fluoksetini kati ya 2006 na 2009, wakalinganisha kipindi ambacho mtu alikuwa akitumia dawa na kipindi ambacho yule yule hakuwa akiitumia. Njia hiyo ni nzuri, kwa kuwa haimlinganishi mgonjwa na jirani yake mzima bali na nafsi yake mwenyewe.

Kwa watu wenye umri wa miaka 25 na zaidi hawakuona ongezeko lolote la kutegemewa. Kwa vijana wa miaka 15 hadi 24, makosa ya kudhuru watu yaliongezeka kwa kiasi cha asilimia 43 katika vipindi vya kutumia dawa. Tusiogopeshwe na tarakimu hiyo kupita kiasi, maana jambo lililo nadra likiongezeka kwa asilimia 43 hubaki nadra. Watafiti wenyewe walitahadharisha kwamba hawawezi kuthibitisha kuwa dawa ndiyo chanzo. Jambo moja lililonivutia katika matokeo yao ni kwamba hatari ilionekana kwa waliotumia dawa kidogo, wala si kwa waliotumia kiwango cha kutosha. Huenda hao ni watu waliomeza leo na kesho wakaacha, ugonjwa ukabaki na nguvu zake.

Mwaka uliofuata, 2016, jarida la madaktari wa Uingereza, BMJ, lilichapisha kazi ya Tarang Sharma na wenzake wa Denmark. Walipitia majaribio 70 ya dawa yaliyohusisha watu 18,526. Kwa watu wazima hawakuona tofauti ya maana. Kwa watoto na vijana wadogo, visa vya ukali vilikuwa zaidi ya maradufu kwa waliopewa dawa.

Upande wa kujidhuru habari zilikuwa zimejulikana mapema zaidi. Katika 2004 idara ya Marekani inayosimamia dawa iliamuru paketi zote za dawa za mfadhaiko ziwe na onyo lenye mstari mweusi. Majaribio 24 ya watoto na vijana yalikuwa yameonyesha kwamba mawazo au vitendo vya kutaka kujiua vilitokea kwa asilimia nne ya waliopewa dawa na asilimia mbili ya waliopewa tembe tupu. Hakuna hata mmoja katika majaribio hayo aliyejiua. Katika 2007 onyo hilo likapanuliwa kufikia umri wa miaka 24. Kijana wetu wa Bula Pesa ana miaka 20.

Kutotulia kunakotesa

Dawa ikisababisha ukali, hufanyaje? Njia inayojulikana zaidi ni hali ambayo madaktari huiita akathisia. Asiyewahi kuipata hawezi kuielewa kwa urahisi. Mgonjwa huhisi kama kuna kitu kinamsukuma kutoka ndani. Miguu haikubali kutulia. Anakaa, anainuka, anatembea hadi mlangoni, anarudi. Si wasiwasi wa kuwaza jambo fulani, ni mateso ya mwili. Wapo waliosema ni afadhali wafe kuliko kukaa hivyo siku nyingine moja. Mtu aliye katika hali hiyo ukimpigia kelele au ukimzuia njia anaweza kukurukia. Huanza siku chache baada ya kuanza dawa au baada ya kuongezewa kiwango, na hupungua kiwango kikipunguzwa au dawa ikibadilishwa. Rudi basi kwa kijana wetu anayezunguka uani tangu alfajiri. Hiyo ndiyo dalili ambayo daktari anapaswa kuisikia.

Njia ya pili ni ile ya mgonjwa aliyetambuliwa nusu. Kuna maradhi ya akili ambayo mtu huwa na vipindi viwili: mara amezama katika huzuni, mara amepanda juu kama moto wa nyika, halali, anasema bila kupumua, anagawa mali, anagombana na kila anayempinga. Mgonjwa huyo akifika hospitalini wakati wa huzuni, huonekana kama mwenye mfadhaiko wa kawaida. Akipewa dawa za mfadhaiko peke yake, zinaweza kumrusha hadi upande wa pili. Ndiyo sababu WHO inawataka wahudumu wa afya waulize kwanza kama mgonjwa amewahi kuwa na kipindi cha kupanda hivyo. Mgonjwa mwenyewe mara nyingi hakumbuki, au haoni kwamba ulikuwa ugonjwa. Mama hukumbuka. Kwa hivyo mama asikae nje ya chumba cha daktari ikiwa mgonjwa amekubali aingie.

Njia ya tatu ni kuacha dawa ghafla. Baadhi ya dawa hizi, hasa paroksetini na venlafaksini, zikikatwa mara moja huleta kizunguzungu, ndoto mbaya, kukosa usingizi na hasira za karibu. Familia huona ukali huo na kusema, "Afadhali ameziacha," kumbe ni kule kuziacha ndiko kumeuleta.

Miraa na vinginevyo

Isiolo iko mlangoni mwa nchi ya miraa. Kutoka Maua na milima ya Nyambene si mbali, na magari yanayobeba mafurushi yaliyofungwa kwa majani ya migomba hupita mbio kuelekea kaskazini, kwa sababu miraa ikishakauka nguvu yake hupungua. Nguvu hiyo inatokana na kathinoni, kemikali inayofanana sana na amfetamini. Humfanya mtafunaji awe macho, aseme sana, asihisi njaa. Baadaye, handas zikimtoka, huja kukosa usingizi, unyonge na hasira. Watu wachache, hasa wanaotafuna kupita kiasi, huanza kusikia sauti na kudhani wanaandamwa.

Sasa mweke mgonjwa wa mfadhaiko katikati ya hayo. Unyonge wa baada ya miraa unafanana na ugonjwa wake, kwa hivyo anatafuna tena ili autoroke. Dawa inayomfanya asitulie inakutana na jani linalomfanya asilale. Zaidi ya hayo, uchunguzi uliofanyiwa Waethiopia na kuchapishwa 2015 ulionyesha kwamba kutafuna miraa hupunguza kasi ya kimeng'enya kimoja cha ini ambacho huvunjavunja dawa nyingi, zikiwemo kadhaa za mfadhaiko. Dawa isipovunjwa hulundikana mwilini, na mgonjwa huwa kama aliyemeza tembe nyingi kuliko alizoandikiwa.

Simwambii msomaji kwamba kila mtafunaji ni mgonjwa. Ninachosema ni kwamba mgonjwa akiulizwa na daktari, "Unatumia kitu gani kingine?" asione haya kusema miraa, na ataje ni kiasi gani na saa ngapi. Vivyo hivyo kwa pombe, ambayo pamoja na amitriptilini humlevya mtu maradufu na kumwondolea kujizuia. Tembe za maumivu za tramadoli nazo ni za kuogopwa zikichanganywa na fluoksetini. Serotonini inaweza kuzidi hadi mgonjwa akatetemeka, akatoka jasho jingi, moyo ukaenda mbio na akachanganyikiwa. Huyo hangojei kesho, hukimbizwa hospitalini.

Kuhusu amitriptilini, wakazi wa nchi ya joto kama Isiolo wajue pia kwamba hukausha kinywa na kupunguza jasho. Anayeitumia na anayeshinda juani anapaswa kunywa maji kwa wingi na kutafuta kivuli. Tena ni dawa inayoua upesi mtu akimeza nyingi kwa pamoja, kwa hivyo katika nyumba yenye mgonjwa aliyewahi kutaka kujiua, paketi ishikwe na mtu mwingine.

Wiki nne za kwanza

WHO inashauri kwamba kijana mdogo aliyeanzishwa fluoksetini aonwe kila wiki, ikiwezekana, katika mwezi wa kwanza. Ushauri huo ni rahisi kuutimiza kwa aliye London. Kwa familia ya Merti au Garba Tulla, nauli ya kufika Isiolo mjini mara nne kwa mwezi inaweza kuwa bei ya mbuzi, na mbuzi wenyewe ukame uliwamaliza. Madaktari bingwa wa maradhi ya akili nchini ni wachache na wengi wao wako Nairobi na miji mingine mikubwa. Jopo lililoongozwa na Dkt Frank Njenga lilipendekeza mwaka 2020 kwamba hali ya afya ya akili itangazwe kuwa janga la kitaifa, na ukosefu wa wahudumu ulikuwa mmoja wa vilio vyake.

Lakini watu wa kaskazini wamewahi kutatua tatizo kama hili. Katika miaka ya 1970, Muitaliano Annalena Tonelli alipokuwa Wajir, ilionekana kwamba wafugaji wenye kifua kikuu walikuwa wakianza dawa, kisha wanahama na mifugo kabla ya kuzimaliza. Wakajengewa manyatta karibu na mji, wakakaa humo na kumeza dawa mbele ya mtu anayewatazama hadi walipomaliza miezi yao. Mgonjwa wa mfadhaiko hahitaji kuhamishiwa manyatta. Anahitaji mtu mmoja wa nyumbani anayejua dalili za kuangalia katika zile wiki nne, na namba ya simu ya muuguzi au tabibu aliyemtibu. Dalili zenyewe si nyingi: kutotulia kupita kiasi, usingizi kutoweka kabisa, hasira zisizo zake za kawaida, maneno ya kutaka kufa, au uchangamfu wa ghafla usioeleweka.

Familia nyingi huogopa kutaja hilo la kutaka kufa kwa sababu sheria ilikuwa ikimhesabu mtu aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu. Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu hicho, cha 226 katika sheria ya makosa ya jinai, kinakiuka Katiba. Daktari si polisi, na aambiwe kila kitu.

Waislamu wanaofunga Ramadhani wanaweza kumwuliza daktari kuhusu kuhamisha saa za dawa. Fluoksetini humezwa mara moja kwa siku na inaweza kuliwa wakati wa daku, na amitriptilini kwa kawaida ni ya usiku. Kuacha mwezi mzima ndiko kusikofaa. Mgonjwa akishapata nafuu huendelea na dawa kwa miezi tisa hadi 12, kisha hupunguziwa kidogo kidogo kwa muda usiopungua wiki nne.

Na yule mama wa Bula Pesa? Hakukosea kuona kwamba kuna jambo. Siku ya tisa, kijana wa miaka 20, kutotulia kusikokuwapo kabla: daktari mwangalifu angefikiria akathisia mara moja, kisha angeuliza kuhusu miraa na kuhusu vipindi vya kupanda. Alikosea kumaliza shauri peke yake chooni. Arudi hospitalini na mwanawe kesho asubuhi, na aseme wazi kwamba tembe alizitupa na siku aliyozitupa. Kama zilikuwa fluoksetini, bado zimo mwilini mwa kijana na zitabaki humo kwa wiki kadhaa, na daktari anahitaji kuijua tarehe hiyo kabla ya kumwandikia dawa nyingine. Usiku wa leo asiachwe alale peke yake, na yule nduguye mdogo alale kwa shangazi.